Redio, Godoro na Namuli

Minza mwanangu,

Umekwenda Buzuruga kuagana na wenzako, na mimi nimefunika cherehani jua likiwa bado liko juu. Hapa Kirumba hilo ni jambo la ajabu. Mama mwenye nyumba amenichungulia mlangoni akauliza kama ninaumwa. Nimemwambia ndiyo, naumwa Minza.

Usikunje uso, soma. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa na kutoazimisha watu nguo zako sitayaandika. Umeyasikia mpaka yamekuchosha, na kwa kichwa chako hicho utafanya unavyotaka. Nakuandikia juu ya jana. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini nawajua mimi na wewe: nitaanza kufoka, utaanza kulia, tutakumbatiana, tutapika, na kesho utapanda meli ya Bukoba umeshiba na hujaelewa kitu. Karatasi haikumbatii mtu. Barua nitaitia mfukoni mwa sweta lako, utaisoma majini, mahali ambapo huwezi kunikimbilia.

Jana ulinisaliti. Tangu asubuhi natafuta neno dogo kuliko hilo, sijalipata.

Nilikuwa na furaha kiasi gani jana, jamani! Sherehe ya kukuaga, turubai la kukodi, wageni wamejaa, baba yako Maganga amekaa mbele na suti ya mtumba ambayo mimi mwenyewe niliipunguza mikono. Mjomba wako Masanja naye ndani ya kofia yake ile. Uliposimama na ile insha iliyokupa zawadi shuleni, insha ya wanawake wa vita katika tenzi za Wagiriki wa kale, nilimfinya mama mwenye nyumba nikamwambia, "Sikiliza sasa, huyo ni wangu." Ukasoma kwamba katika tenzi zile kuna mke anayebaki nyumbani miaka na miaka akimsubiri mume aliyekwenda vitani. Ukaninyooshea mkono: "Huyo ndiye mama yangu Kabula." Vigelegele. Haya, hilo ningelimeza, nimelimeza miaka yote. Kisha nikakuona ukigeuza karatasi mbili kwa pamoja.

Ulidhani sikuona? Mimi ni fundi, Minza, macho yangu yamezoea kuona mshono ulioruka. Insha ile niliijua, ulinisomea kabla hujaipeleka kwa mwalimu. Kulikuwa na wanawake watatu. Wa kwanza anayesubiri. Wa pili anayeacha kwao akamfuata mwanaume kwa mapenzi, vita ikazuka. Wa tatu anayetekwa akagawiwa shujaa pamoja na mali nyingine. Na huyo wa tatu ndiye uliyemwandika kama Namuli, mama aliyekuzaa. Jana ulimruka. Ukamchukua Namuli ukamweka kwa yule wa pili. Ukasema mbele ya watu wote, kwa sauti yako nzuri, kwamba marehemu mama yako aliacha wazazi wake Uganda akamfuata baba kwa mapenzi.

Kwa mapenzi! Baba yako akasimama, akafuta jicho, akakukumbatia. Mjomba Masanja akaanzisha ule wimbo wake wa zamani na wanawake wote wakamwitikia. Na mimi nikatabasamu, maana ndiyo kazi niliyozoea. Baadaye nilipokukuta jikoni nikakuuliza kwa nini, ukanijibu, "Mama, baba alikuwa amekaa pale. Ningesemaje?"

Hili hapa ndilo jibu.

Unakumbuka jioni zetu za mwaka jana? Mitumba ilipoingia kwa marobota, nani tena alikuwa na haja ya gauni jipya la fundi? Kazi yangu ikawa kufumua. Mtu ananunua shati la Mzungu lenye kifua kama mlango wa kanisa, ananiletea nilifumue lote nilishone upya limtoshe. Mimi na wembe wangu, wewe na kitabu cha kuazima, tumekaa barazani. Ulikuwa unasoma Kiingereza kimoyomoyo halafu unanisimulia kwa Kiswahili. Nilizipenda hadithi zile, nisiseme uongo. Niliwajua watu wale. Wanaume wanagombea heshima kama walevi, wanawake wamesimama juu ya ukuta wanatazama vumbi waone nani amerudi.

Siku moja ukafika mahali ambapo wakubwa wa vita wamekosana, na mmoja anataka kumtuliza mwenzake kwa zawadi. Ukazitaja: masufuria ya shaba, farasi, na wanawake wanaojua kufuma.

"Rudia hapo," nikakuambia.

Ukarudia.

"Na hao wanawake walisema nini walipotajwa?"

Ukatafuta mbele, ukatafuta nyuma. "Hawasemi kitu, Mama. Mtunzi hakuwauliza."

Nikaweka wembe chini. Jioni ile ndipo nilipokusimulia Namuli alivyofika kwetu. Ulilia mpaka ukashikwa na kwikwi, kisha ukaniahidi kwamba ukipata chuo Kampala utapita kwanza Masaka kwa bibi yako, umweleze kila kitu. Kesho unakwenda huko. Sasa baada ya jana sijui utamweleza kipi. Ndiyo maana naandika tena, ili usije ukasema ulisahau.

Baba yako hakuwa askari. Alikuwa dereva wa lori, na vita vya Kagera vilipoanza lori lilichukuliwa kupeleka chakula mbele, naye akaenda nalo. Alibeba maharage. Maharage ni kitu cha heshima, watu wanakula, simcheki kwa hilo. Ila usimsikilize akianza habari za mizinga.

Alikaa huko muda mrefu. Barua hakuna, salamu hakuna. Kaka yangu Masanja alikuwa manju wakati huo, ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma, na alikuwa na jina kubwa. Unajua ngoma za sisi Wasukuma baada ya mavuno: pande mbili zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wanahama kule na huku. Upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Manju yuko tayari kumuuza hata mama yake ili watu wasogee upande wake. Sasa mwaka ule kila nyumba ilikuwa na mtu vitani. Masanja akaja kwangu kutafuta maneno. Ndiyo desturi yao, anakula kwako, anakuhoji, halafu anakwenda kutunga.

Nilimchinjia kuku. Nikamwambia ukweli wote, ndugu yangu wa tumbo moja, ningemficha nini? Nilimwambia namtukana Maganga kila asubuhi kabla sijanawa uso. Nilimwambia kushona hakulipi, nakwenda Mwaloni kuwaanikia watu dagaa, mikono inanuka mpaka chakula kinanishinda. Nilimwambia mvua zijazo zikianza kabla hajarudi, nafungasha. Masanja alikuwa anatikisa kichwa kwa upole, anasema "pole dada, pole dada." Nikajua nimesikilizwa.

Siku ya ngoma nikaenda kujisikiliza. Loo! Kwenye wimbo nilikuwa nimekaa mlangoni na mtungi. Kila jioni nateka maji ya kumnawisha mume miguu, kila asubuhi nayamwaga kwa sababu hakurudi, nateka mengine. Maji gani ya kumwaga? Maji yenyewe tulikuwa tunayapandisha kichwani kwenye mawe haya, ukimwaga kikombe watu wanakuona una wazimu! Dagaa hakuna kwenye wimbo. Matusi hakuna. Lakini watu walilia, Minza. Nilishuhudia uwanja mzima ukihama, upande wa pili wakabaki na ngoma zao na watoto. Masanja alishinda vibaya sana.

Tangu siku hiyo nikaitwa Mama Mtungi. Sokoni, kisimani, kanisani. Na mimi mjinga nikaanza kutembea polepole na kuinamisha macho kama yule wa kwenye wimbo. Ilikuwa tamu, sitakuficha. Hakuna aliyewahi kuniimba.

Kisha baba yako akarudi. Lori lilipiga honi kutoka barabarani na watu wakalifuata mbio, wakafika mlangoni tayari wanaimba wimbo wa mtungi. Baba yako akateremsha redio. Akateremsha godoro la sponji. Halafu akageuka akamteremsha mwanamke.

Alikuwa binti mdogo, amevaa gomesi, lile gauni refu la Waganda lenye mabega yaliyosimama na mshipi kiunoni. Ya kijani, yenye maua, pindo limechakaa kwa matope. Miguuni hana kitu.

Nilitaka kuuchukua mtungi nimrushie Maganga kichwani. Nakuapia kwa jina la Mungu. Lakini watu walikuwa wanaimba, Minza. Wananitazama mimi. Ningefanya nini, nao tayari walishaniimba ninachofanya? Nikaleta maji. Nikapiga magoti nikamnawisha miguu dereva wa maharage, mbele ya mtaa mzima. Nilipomaliza akasema, "Na huyu pia." Nikamshika yule binti mguu. Akauvuta, akachuchumaa, akaichukua kata mkononi mwangu akanywa maji yote. Akaomba tena kwa ishara. Njia nzima kutoka kwao Masaka hakuna aliyekuwa amemuuliza kama ana kiu.

Huyo ndiye mama yako.

Kiswahili alikuwa anajua maneno machache tu, na yote ya amri: kaa, toka, leta, panda. Kwao kilikuwa lugha ya askari. Mengine nilimfundisha mimi, tumekaa kwenye cherehani, yeye anavuta uzi. Nilitaka kumchukia, nikajitahidi, ila mtu anayekuuliza "sindano" ni nini na "pole" ni nini unamchukiaje? Maneno yalipomtosha akaniambia.

Mji wao ulipopigwa, walikimbia usiku wakapotezana. Yeye alirudi nyumbani kumtafuta mama yake, akakuta nyumba tupu. Lori likasimama. Baba yako akamwonyesha kwa mkono, kule, kule, mama, watu wote wako kule, panda nikupeleke. Akapanda. Aliona njia inageuka, akagonga kioo. Lori halikusimama. "Aliniambia ananipeleka kwa mama," alikuwa anasema, anarudia, kila tukifika hapo. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anaisema kama mtu anayekagua alipokosea. Na yeye hakukosea, Minza. Alimwamini mtu mzima aliyemtajia mama yake.

Mavuno yaliyofuata tukaenda naye kwenye ngoma, uwanja ule kule Ilemela. Wewe ulikuwa tayari tumboni mwake. Masanja alikuwa ameuongeza wimbo wake, sasa shujaa amerudi. Akaimba alichorudi nacho: redio inayosema usiku kucha, godoro laini, na mwanamke mweupe wa ng'ambo. Watu wakapiga kelele za furaha, wakahamia upande wetu, tukabanwa katikati. Kisukuma Namuli alikuwa hakijui sana, lakini redio ni redio na godoro ni godoro. Alisikia. Akanishika mkono.

"Kabula, huyo wa mwisho ni mimi?"

Nikamwambia hapana, ni wimbo tu.

Jinsi alivyonitazama! Ndipo nilipojua kwamba na mimi nimekuwa wa upande wao. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma.

Kuanzia hapo alitaka kurudi kwao, na mimi nilimwelewa. Ulipozaliwa na ukaanza kusimama, tulipanga. Mimi nimsindikize mpaka Bukoba, na kutoka pale tutafute watu wa kwao. Nilikuwa na uwezo huo, cherehani ilikuwa bado inalipa. Na unajua kilichonichelewesha? Wimbo. Niliogopa watu waseme Mama Mtungi amemfukuza mke mwenzie. Watu walikuwa wananisifu jinsi ninavyomtunza mgeni! Nikasema tusubiri pamba iuzwe. Nikasema tusubiri maji ya ziwa yatulie. Homa ikamkamata Namuli nikiwa bado nasubiri, maana kusubiri ndiko nilikosifiwa. Hakumaliza wiki. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu tulipomzika.

Baba yako aliwatuma madereva wenzake wapeleke habari Masaka: binti yenu alinifuata kwa mapenzi, amefariki, poleni. Ndivyo bibi yako anavyojua mpaka leo. Yule mnunuzi wa dagaa kutoka Masaka anayekuja Mwaloni, mwaka juzi nilimtuma aende kwake na maneno ya kweli. Akarudi ameshika kichwa. Bibi alimwambia, "Mimi nilimtafuta mwanangu kwenye mashamba ya migomba siku zote zile, kumbe yeye yuko kwenye lori la mwanaume. Hata jina lake silitaji." Mnunuzi alipojaribu kumweleza akamkatiza: habari za mwanangu siletewi na mtu wa samaki, kama ameacha damu, damu ije iseme.

Damu ni wewe. Sasa umeelewa nilichokisikia jana chini ya turubai? Nilikusikia ukifanya mazoezi ya kumwambia bibi yako uongo uleule.

Sikuambii umchukie baba yako. Amekulisha, amekusomesha, ulipougua surua alikubeba mgongoni hadi hospitali akitembea pekupeku kwenye matope. Naamini hata machozi ya jana yalikuwa ya kweli. Amejisimulia hadithi ile mpaka ameiamini, na kila mtu amemsaidia: Masanja kwa ngoma, mimi kwa mtungi, na jana wewe, msomi wetu, kwa Wagiriki. Yeye mmoja asingeweza.

Na mimi usinitaje tena kama yule mke anayesubiri. Pengine hata yule wa Wagiriki alikuwa na matusi yake ya asubuhi na mtunzi akayaacha. Kama utaniandika siku nyingine, na ninajua utaandika, anza na dagaa.

Basi. Ndani ya sanduku, chini kabisa, chini ya mashuka, utakuta nguo imefungwa kwenye khanga. Ni ile gomesi ya kijani. Baba yako alitaka niikate nikushonee vigauni, kitambaa kilikuwa kizuri. Nimefumua nguo za nusu ya Mwanza kwa wembe huu, na ile sikuifungua hata uzi mmoja. Pindo nimelifua, ila doa la matope lilikataa kutoka nikaliacha. Bibi yako atalijua gauni, yeye ndiye aliyemnunulia.

Nisikilize sasa. Ukifika pale uani, piga magoti kama wanavyopiga wao, na salamu yao niliyokufundisha. Insha iache kwenye begi. Atakutazama, maana una uso uleule, nimeishi nazo nyuso zote mbili. Anaweza kukasirika, anaweza kukufukuza. Usiondoke. Usimwambie habari za shujaa wala za mapenzi, na usihofu baba yako atajisikiaje, hayupo pale. Mwekee gauni magotini na umwambie neno moja ambalo mwanae alilisema mpaka mwisho: aliambiwa anapelekwa kwa mama yake.

Nasikia sauti yako huko chini, unacheka na wenzako, mnapanda kilima. Naifunga hii kabla hujaingia, na nitakukaripia kwa kuchelewa kama kawaida. Utajua ni kwa nini sikukutazama usoni.

Kesho hakuna wa kugeuza njia. Mpeleke kwa mama.

Mama yako,
Kabula